Siku Baba Alipovua Katambuga

Wenzangu tuliokulia Kirumba, miaka ile ambayo mtoto alikuwa wa mtaa mzima na kila mama alikuwa na ruhusa ya kukuchapa, naomba mnitetee. Nikiwasimulia wanangu kwamba tulikuwa tunaamka alfajiri kukimbilia ufukweni Mwaloni kufanya karate mchangani, wanatazamana. "Karate, mama? Wewe?" Kisha wanacheka kwa adabu, ile adabu ya siku hizi ya kucheka huku umeinamia simu.

Ndiyo, mimi. Huyu huyu anayelalamika magoti akipanda ngazi za benki.

Mnakumbuka ule ugonjwa wa karate ulivyoingia Mwanza? Ulianzia kwenye kile kibanda cha video kilichokuwa kinanuka jasho na karanga za kukaanga, madirisha yamezibwa kwa magunia, watoto tumebanana kwenye mabenchi kutazama sinema za Kichina ambazo hakuna aliyeelewa neno hata moja. Hatukuhitaji kuelewa. Mzee mwenye ndevu nyeupe kauawa, mwanafunzi wake analipiza kisasi, basi. Wavulana wakitoka mle hawatembei tena kama watu. Wanaruka kutoka jiwe hadi jiwe, na Mwanza mawe hatujawahi kuyakosa. Kila wiki kulikuwa na mtu kateguka mguu, anakandwa na bibi yake kwa maji ya moto huku anasemwa. Sisi wasichana tulikuwa na michezo yetu ya rede na mdako, tukawaona wote hamnazo.

Mpaka alipokuja Mwalimu Masatu. Alikuwa Mkerewe, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini, kibarua wa bandarini, na karate alijifunzia Dar es Salaam alikokaa na mjomba wake. Asubuhi kabla ya kazi aliwakusanya vijana ufukweni. Mimi nilikuwa natumwa kuosha masufuria ziwani, na nilijifunza kuyaosha polepole sana. Siku moja akanigeukia akaniuliza, "Binti, unatazama au unajifunza?" Nikajifanya nasugua sufuria. Akasema, "Weka sufuria chini, ingia kwenye mstari." Nikaingia. Nilirudi nyumbani jua limeshapanda, sufuria bado lina ukoko, nikachapwa, na kesho yake nikaenda tena.

Mazoezi yenyewe yalikuwa na maadui. Wa kwanza ni kina mama wa dagaa, maana mchanga tuliouona wetu wao waliuona ni wa kuanikia. Ukianguka vibaya ukaangukia dagaa wa mtu, teke la Mwalimu Masatu lilikuwa nafuu kuliko kanga iliyofungwa fundo. Wa pili ni korongo, wale ndege wakubwa wenye vipara waliosimama pembeni wametukodolea macho kama wazee wa baraza. Hesabu tulihesabu kwa Kijapani, ichi, ni, san, na sisi tuliamini ni Kichina mpaka tukaja kuambiwa tukiwa wakubwa. Hata mahindi tulikuwa tunatwanga kwa hesabu hiyo. Mama alikuwa anauliza kama tumepandwa na mashetani.

Na nguo je? Leo mtoto anaanza karate Jumatatu, Jumanne kashavaa suti nyeupe imetoka dukani na jina lake limedariziwa kifuani. Zetu zilishonwa kwa mifuko ya unga wa ngano. Mama aliloweka, akafua, akaanika juani siku nzima, lakini maandishi ya kiwandani yaligoma kutoka, na fundi cherehani kwa makusudi au kwa haraka zake akayaweka makalioni. Kwa hiyo nikiinama kusalimia, walio nyuma yangu walikuwa wanasoma uzito wa unga. Mkanda wangu wa njano tuliutia rangi kwa manjano ya jikoni. Ukitoka jasho tumbo lote linageuka pilau.

Baada ya mazoezi ilikuwa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa mpaka vinavutika mdomoni, na kiganja cha karanga. Hakuna aliyekuwa na chupa ya maji yenye bomba la kunyonyea. Tulikula tumekaa juu ya mitumbwi iliyofunikwa kifudifudi, miguu inaning'inia, tunabishana nani kapiga kelele kali zaidi. Njaa ile sijawahi kuipata tena, wala utamu ule.

Lakini niseme ukweli kwa nini nilikuwa naenda, maana si matobolwa. Nyumbani kwetu tulikuwa wengi na mimi nilikuwa wa katikati. Jina langu liliitwa pale tu kitu kilipoisha. Kabula, maji. Kabula, kuni. Kabula, kamwone mama fulani umwombe chumvi. Kule ufukweni Mwalimu Masatu akiita "Kabula", watu walinyamaza waone nitafanya nini. Mtoto akishaonja hilo hawezi kurudi kwenye mdako.

Baba yangu alikuwa fundi mitumbwi. Alitoka Magu, Msukuma wa maneno machache, mikono yake inanuka lami na pamba ya kuzibia nyufa za mbao. Kanisani alikuwa mzee wa kuheshimiwa, na adabu kwetu ilikuwa sheria. Msichana akimkuta mtu mzima anapiga magoti ndipo anatoa shikamoo, hata kama njia ina tope, hata kama ameshika ndoo. Ukisalimia umesimama, jioni utaambiwa, "Leo nimeona mti unanisalimia." Naye mama alikuwa na lake. Alisema mtoto akimnyooshea mkono mtu mzima, mkono huo unakauka. Alikuwa anatuonyesha kabisa unavyokauka, anakunja vidole vyake kama makucha ya kuku, na sisi tunalala tumekumbatia mikono yetu.

Basi fikirieni siku baba aliposikia mambo ya karate. Yeye aliita "kalate", na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Mwanzoni alidhani ni mchezo kama rede. Kisha shangazi akaja kutoka Magu, akanikuta uani narusha miguu. Akaweka kikapu chini akamwambia baba, mbele yangu, "Mwanamke anayerusha mateke ataolewa na nani, punda?" Baba hakucheka. Usiku wakati wa chakula akasema tu, "Anayefundishwa kupiga watu anafundishwa dharau." Nikajua imekwisha.

Kilichoniokoa kwa muda ni kwamba Mwalimu Masatu alikuja nyumbani mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, akala alichopewa, akaeleza kwamba mkufunzi mkongwe anakuja kwa treni kutoka Dar es Salaam kufanya semina ya karate, na wazazi wote wanaalikwa. Mkufunzi huyo, Mzee Salehe, ndiye aliyemfundisha yeye. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nitakuja nione kwa macho yangu. Nikikuta wanafundishwa utovu wa adabu, ile nguo yake ya unga nitazibia mtumbwi." Aliposema hivyo hakuwa anatania. Mtumbwi wenyewe nilikuwa naujua, ulikuwa uani na una nyufa.

Semina ilifanyika Jumamosi kwenye bwalo la shule moja Pasiansi. Tulitembea kwa mguu kutoka Kirumba, tumebeba nguo zetu vichwani zisichafuke. Sakafu tuliisugua wenyewe kwa maji na majivu mpaka ikang'aa, na Mwalimu Masatu akaweka amri kwamba hakuna anayeingia na viatu, awe mwanafunzi, awe mzazi, awe diwani.  Tangu nyumbani sala yangu ilikuwa moja, kwamba baba apate kazi ya haraka ya mtumbwi asije.

Alikuja. Alikuwa na nguo zake za kazi na katambuga zake za tairi miguuni, akasikia habari ya kuvua viatu, akakataa kwa kichwa. Akaenda kusimama nje dirishani, mikono kaifunga kifuani. Kuanzia hapo sikuona kitu kingine kwenye lile bwalo isipokuwa hilo dirisha.

Na mkufunzi naye alitushangaza. Sisi tulitegemea jitu la sinema, mtu wa kuvunja matofali kwa paji la uso. Akaingia mzee mfupi, mkavu, nywele nyeupe pepepe, anatembea kama anayekwenda kuchukua maziwa. Saa nzima ya kwanza alitufundisha kusimama. Kusimama, wenzangu. Kisha kutembea. Wavulana walikuwa wanakonyezana. Baadaye akasema sasa twende mmoja mmoja tukampige, na hapo wakafurahi, lakini furaha haikudumu. Kila aliyemrukia alijikuta amelala sakafuni, amelazwa taratibu kama mtoto mchanga, anashangaa dari.

Akaninyooshea kidole. "Wewe binti, njoo."

Nikasimama mbele yake. Akagonga kifua chake kwa kidole, hapa, akasema, "Nipige." Nikakunja ngumi jinsi nilivyofundishwa. Nikamtazama. Alikuwa na mikunjo ile ile ya babu yangu mzaa baba, na mvi zile zile. Mkono ukapanda, ukashuka. Naye kwa kutaka kunitia moyo akaharibu kabisa. Akasema kwa upole, "Nipige tu, mjukuu wangu."

Mjukuu. Magoti yangu yaliamua yenyewe. Nilijikuta chini, kichwa nimeinamisha, nasema, "Shikamoo babu."

Bwalo lote likacheka. Walicheka mpaka wengine wakashika matumbo yao ya manjano. Mwalimu Masatu alifunika uso kwa viganja. Mimi nilibaki pale chini nikijua kwamba nimekwisha pande zote mbili. Nikimpiga yule mzee, baba ameona utovu wa adabu kwa macho yake. Nisipompiga, mimi si mwanakarate na hakuna cha kurudi kufanya ufukweni. Machozi yalikuwa yameshafika puani.

Mzee Salehe hakucheka. Alingoja kelele ziishe, akaitika taratibu, "Marahaba." Akachuchumaa tukawa sawa. "Unaogopa nini?"

"Mkono utakauka," nikasema.

"Nani amekuambia?"

"Mama."

"Mama hakukosea," akasema. "Baba yako yupo?"

Watu wote wakageukia dirishani. Mzee Salehe akainuka, akaenda mpaka pale, akamsalimia baba kwa mikono miwili. "Mzee mwenzangu, habari za kazi?"

"Nzuri," baba akasema.

"Binti yako hawezi kunipiga."

"Naona."

"Mimi naweza kumfundisha namna ya kupiga. Ruhusa ya kumnyooshea mkono mzee siwezi kumpa, hiyo inatoka nyumbani kwake. Naomba uingie umpe wewe. Na ukiona haifai, mchukue, mimi sitakulaumu."

 Nilisikia wavuvi wakiitana mbali huko ziwani. Nilikuwa bado nimepiga magoti, na nilikuwa na hakika kwamba sasa ataniita kwa jina moja tu na tutaondoka. Akatoweka dirishani. Kisha nikamwona mlangoni. Ameinama. Anavua katambuga.

Akazipanga vizuri ukutani, akaingia peku. Nyayo zake zilikuwa na lami, na zilikuwa zinaacha alama kwenye sakafu tuliyoisugua. Akasimama juu yangu akaniuliza kwa Kisukuma, "Mzee amekupa kazi?"

"Ndiyo, baba."

"Simama uifanye. Mpige. Mkono wako hautakauka, nimesema mimi baba yako."

Nilimpenda baba yangu siku zote, lakini kwa namna ya watoto wa zamani, ile ya kumwogopa kwanza. Pale nilimpenda hata nikaona aibu. Nikasimama. Ngumi ya kwanza ilikuwa ya kufukuzia nzi, na Mzee Salehe akasema, "Hapo umeniamkia tena." Watu wakacheka kidogo. Ya pili ikawa ngumi. Ya tatu nilitoa ule ukelele wa ufukweni wa kutimua korongo, nikatupa kiuno chote, na yule mzee akarudi nyuma, akakohoa, akashika kifua.  Akainua uso anatabasamu.

"Marahaba," akasema.

Baba hakurudi dirishani. Alikaa sakafuni na wazazi wengine, miguu kainyoosha, mpaka semina ikaisha. Njiani kurudi Kirumba alitangulia, mimi nyuma, hadi tulipokaribia nyumbani. Hapo akasimama akageuka. "Kiwiko chako kinatoka nje," akasema. "Ukigonga msumari namna hiyo utavunja mkono." Akaendelea kutembea. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote kuhusu jambo lile. Lakini tangu hapo, asubuhi nikichelewa kuamka, ni yeye aliyekuwa anagonga mlango na kuuliza kama kalate imekufa. Na shangazi alipokuja tena na habari za punda, baba alimwambia anywe uji wake kabla haujapoa.

Baba sasa amelala Magu, karibu na wazee wake. Mzee Salehe naye alishaondoka. Mwalimu Masatu yupo, ana mvi, na siku hizi yeye ndiye mkufunzi mkongwe anayealikwa kwenye semina. Mwezi uliopita aliendesha moja Pasiansi hapo hapo, kwenye ukumbi mpya wenye mazulia ya mpira na feni, na akanipigia simu niende. Nikaenda na magoti yangu.

Jamani, vijana wa siku hizi. Wamependeza, hilo nawapa. Majina ya mateke yote wanayajua kwa Kijapani kwa sababu wameyaona kwenye simu, lakini ukiwaambia wachuchumae kidogo wanaomba mapumziko wakanywe maji. Kila zoezi lazima lirekodiwe. Kuna kijana alianguka vizuri kabisa, akaomba arudie kwa sababu mwenzake hakuwa amebonyeza. Ila wasichana ni wengi kuliko wavulana, na nilipoona hivyo nilifurahi mpaka nikaona haya. Hakuna shangazi wala punda. Mwalimu Masatu akiwaambia wampige, wanampiga, mzee wa watu, bila hodi. Hakuna anayefikiria mkono kukauka. Ni vizuri hivyo, na nasema kwa moyo safi kwamba nawaombea waendelee hivyo.

Nilikaa kwenye viti vya wazazi. Viti vilikuwa vingi na vilipangwa vizuri. Tulikuwa mimi, mlinzi wa ukumbi, na mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni. Wengine walituma watoto kwa bodaboda au waliwashusha getini, wakaomba watumiwe video kwenye grupu. Siwalaumu. Maisha yamekuwa ya mbio na kila mtu ana lake la kutafuta. Lakini baba naye alikuwa na lake la kutafuta, na mtumbwi wa mtu siku ile ulilala bila kumalizika.

Kabla ya kufunga, Mwalimu Masatu alimwita binti mmoja, wa umri niliokuwa nao mimi, mwembamba, mkanda wa njano wa dukani. Akagonga kifua chake, hapa. Yule binti hakusita. Alishusha kiuno, kiwiko kikakaa ndani, akaachia ngumi safi ambayo mimi kwa umri ule sikuwa nayo, na Mwalimu Masatu akarudi nyuma akikohoa na kucheka. Binti akageuka mara moja kutazama viti vya wazazi, uso unang'aa, anatafuta. Nikasimama nikampigia makofi, nikapiga mpaka viganja vikaniuma. Alinitazama kidogo, akanishukuru kwa kichwa kama mtoto mwenye adabu, kisha akaendelea kutafuta.